Picha Wameisafisha, Sauti Je?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya ada, viza na kodi za vyumba, mambo ambayo kwa kweli yanatugusa sote. Mimi leo naomba nafasi niseme juu ya sinema. Najua wapo watakaosema, huyu mhandisi masomo yamemshinda, sasa amegeukia filamu. Haya, nivumilieni kidogo. Mwisho mtaona kwamba hili nalo ni letu, na kwamba tukichelewa hatutalipata tena.

Siku hizi kuna kazi kubwa inafanywa duniani ya kuzitengeneza upya filamu za zamani na kuzitoa tena kwenye DVD na Blu-ray ili watu wazione majumbani. Kwa wasiojua, kazi yenyewe inakwenda hivi. Unatafuta ukanda asilia, ule uliopita ndani ya kamera. Mara nyingi unaukuta umejikunja, umechanika, au unanuka siki, maana plastiki ya kanda nyingi za zamani ikioza hutoa asidi ya siki. Unauosha, unaunga palipokatika, kisha unaupitisha kwenye mashine inayopiga picha moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta. Sinema inakwenda kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo filamu ya saa mbili ina picha 172,800. Kila moja inaweza kuwa na mkwaruzo wake na doa lake. Rangi inarejeshwa, sauti inasafishwa, ndipo inatolewa upya. Si kazi ya mchezo, wala si ya bei rahisi.

Mfano mmoja ambao watu wa pwani tutauelewa haraka ni Sholay. Nani kati yetu hakukua akisikia habari za Gabbar Singh? Filamu ile ilitoka Agosti 1975, na wakaguzi wa India wakati ule walilazimisha mwisho wake ubadilishwe. Ukanda asilia ulikuwa umeharibika vibaya. Film Heritage Foundation ya Mumbai, pamoja na familia iliyoitengeneza, wakatafuta vipande vingine, vikiwemo vilivyokuwa vimehifadhiwa Uingereza, na mwezi Juni 2025 ikaonyeshwa Bologna, Italia, ikiwa safi na ikiwa na mwisho wake wa awali. Angalieni hapo: hawakusafisha picha tu. Walirudisha na kile ambacho filamu ilinyimwa kusema. Vivyo hivyo Sambizanga ya mwaka 1972, filamu ya Sarah Maldoror juu ya ukombozi wa Angola. Ilipotengenezwa upya mwaka 2021, binti yake mwenyewe alishiriki katika kazi. Mwaka uliofuata ikatoka kwenye DVD na Blu-ray Marekani. Yaani wenye filamu walikuwamo chumbani.

Sasa nataka niseme juu ya filamu nyingine, ambayo wenyewe hawakuwamo chumbani.

Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walitoa filamu inayoitwa Africa Addio, maana yake Kwaheri Afrika. Walizunguka na kamera zao wakati wakoloni wanafunga virago: Kenya, Kongo, Angola na kwingineko. Ndani yake zimo dakika chache za Zanzibar, zilizopigwa kutoka angani siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Zinaonekana minazi, ufukwe, misafara ya watu waliovaa nguo nyeupe, makaburi ya halaiki na maiti. Kwa watu wengi hapa Maskati wenye asili ya Unguja na Pemba, hizo ndizo picha pekee zinazotembea walizowahi kuziona za siku zile.

Na filamu yenyewe ni mbaya. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Msimulizi wake anamwonyesha mtazamaji maiti za Waafrika ili kumwambia kwamba Mzungu akiondoka, Afrika inarudi porini. Wafu wetu wamefanywa ushahidi wa kesi ya mtu mwingine. Agosti 1966 wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa Berlin Magharibi, pamoja na wenzao wa Kijerumani, waliandamana kwenye sinema ya Astor mpaka filamu ikaondolewa pale. Hawa walikuwa wanafunzi ughaibuni kama sisi, na nawapa heshima yao. Mwaka 1970 mfanyabiashara mmoja Marekani akaikatakata, akaacha damu tupu, akaiuza kwa jina la Africa: Blood and Guts, yaani damu na matumbo. Nadhani jina hilo linatosha kueleza nia.

Lakini filamu haikufa. Mwaka 2003 kampuni ya Marekani ya Blue Underground, inayojulikana kwa filamu za kutisha, ilitoa sanduku la DVD lenye kazi za wale Waitaliano. Africa Addio imo, toleo la Kiitaliano na la Kiingereza, picha imesafishwa, rangi imerudi. Kwa upande wa ufundi wamefanya kazi nzuri, siwezi kuwanyima haki yao. Bahari ya Zanzibar ni buluu kama ilivyo. Na sauti juu ya ile bahari ni ya yule yule msimulizi wa mwaka 1966.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia, na naomba nieleze nilivyoifikia, maana si kwa akili zangu.

Nina bibi yangu hapa Maskati, mdogo wake bibi aliyemzaa mama. Yeye aliondoka Unguja akiwa mwanamke kijana, akapita Mombasa, akafika Oman baada ya 1970, pale Sultan Qaboos alipofungua mlango kwa watu wenye asili ya huku warudi. Mimi nilipokuja kusoma shahada ya pili alinipokea kama mtoto wake. Kila Ijumaa nikitoka Al Khoudh nakwenda kwake Mabela kula. Nyumbani kwake Kiswahili ndicho kinachosemwa, wali wa nazi upo, na ukichelewa utaambiwa maneno.

Kwake kulikuwa na deki ya zamani na mkanda mmoja wa VHS ambao nje umeandikwa kwa kalamu ya wino: Harusi. Ndani yake ni Africa Addio. Jamaa mmoja aliirekodi juu ya harusi, kutoka kwenye nakala iliyotoka Uingereza, ambayo nayo ilikuwa nakala ya nakala. Mkanda huo ulikwenda nyumba hadi nyumba kwa miaka mingi. Picha imejaa chenga, rangi imekimbia, watu wanaonekana kama vivuli. Anayejua VHS atanielewa: kila ukinakili unapoteza, na nakala ya tatu au ya nne ni kama kumsikia mtu anaongea nyuma ya ukuta.

Mara ya kwanza nilipoangalia naye ilikuwa mwaka 2021. Ilipofika Zanzibar, Bibi akachukua rimoti akazima sauti. Nikamuuliza kwa nini.

"Huyo anayesema simjui," akanambia, "na yeye hatujui sisi."

Akaanza kusimulia mwenyewe. Dakika zile chache zilituchukua zaidi ya saa moja, kwa sababu alikuwa akinambia, "Simamisha hapo, baba," kisha anaeleza. Alieleza nani alikuwa akiuza maziwa mtaani kwao, mlango upi uligongwa usiku, jirani gani aliwaficha chini ya mvungu, na jirani yule alikuwa mtu wa bara, tena masikini. Alieleza pia mambo ambayo filamu haina habari nayo kabisa: dhulma za kabla ya 1964, jinsi watumishi walivyokuwa wakisemeshwa, na kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mdogo aliona ni kawaida. Hayo aliyasema taratibu, akiangalia chini.

Kuna jambo moja alilolisema ambalo sijalisahau. Msimulizi anasema wale watu wenye nguo nyeupe ni Waarabu. Bibi akacheka kidogo, cheko la masikitiko. "Kutoka huko juu kamjuaje? Kanzu anavaa Mngazija, anavaa Mshirazi, anavaa Mmanyema akenda Ijumaa. Aliyeko juu anaona nguo tu."

Mimi kama mtu niliyesoma mambo ya mawimbi na sauti nilishtuka, kwa sababu alikuwa amegusa jambo la kiufundi ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria. Picha zile zimepigwa kutoka kwenye ndege. Hakuna kinasa sauti ambacho kingeshika, juu ya mngurumo wa injini, sauti ya mtu aliyeko ardhini. Kwa hiyo kila unachokisikia katika sehemu ile, muziki na maneno, kimeongezwa baadaye studio huko Italia. Filamu haina sauti ya Zanzibar hata sekunde moja. Hata wakisafisha mara mia, hata wakitumia mashine bora zaidi duniani, hawataipata, kwa sababu haikuwahi kuingia. Sauti hiyo ilibaki kwa waliokuwa chini. Wengine walikufa nayo. Waliosalia wako Mabela, Seeb, Dubai, London, Mombasa, Dar es Salaam, na bila shaka Unguja na Pemba wenyewe.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Badala ya kulichukua lile funzo nikakimbilia nilichokizoea. Nikajiambia, nitamtengenezea Bibi mkanda wake uwe safi. Nikatafuta deki nzima, jambo ambalo si rahisi, maana kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki, Funai ya Japani, iliacha mwezi Julai 2016. Nikauingiza mkanda kwenye kompyuta. Nikaandika programu ya kupunguza chenga na kutuliza picha inayotikisika. Wikiendi hadi wikiendi, miezi minne. Nilikuwa najisikia mtu kweli. Hapo ndipo rafiki yangu mmoja Mkenya aliponiuliza, "Kwani hiyo si iko kwa DVD, safi, tangu 2003?" Nikaangalia. Ndiyo, ipo. Kazi yangu yote ilikuwa ni kukipaka rangi kivuli wakati mti wenyewe upo.

Na katika miezi ile minne, nilikaa na Bibi Ijumaa zisizopungua kumi na tano. Simu ninayo mfukoni, ina kinasa sauti, ningeiweka mezani tu. Sikuiweka. Mwaka uleule alipata kiharusi. Yu hai, alhamdulillahi, na ananitambua, lakini maneno yanamtoka machache, tena kwa taabu. Jina la yule jirani aliyewaficha nimelisahau. Ninajua aliniambia, nakumbuka hata alivyoinua mkono akilitaja, lakini jina limenitoka.

Ndiyo maana naandika.

Hoja yangu ni hii: filamu ya zamani inayohusu watu haijatengenezwa upya mpaka watu hao wapewe nafasi ndani yake. Na nafasi ipo, tena ya kiufundi kabisa. DVD kwa kanuni zake inaweza kubeba njia nane za sauti, na maandishi ya chini ya picha kwa njia 32. Ile sehemu ya Zanzibar inaweza kusikilizwa kwa Kiswahili, mzee anaeleza anachokiona, na mwingine anambishia kwenye njia nyingine. Kampuni ikitoa filamu kama ile bila hata kuuliza kama waliomo wana la kusema, imefanya nusu ya kazi. Kazi ya namna hii si ngeni. Mwaka 2020 kampuni ya HBO Max iliiondoa Gone with the Wind kwa sababu inavyowaonyesha watu weusi na utumwa, kisha ikairudisha ikiwa na utangulizi wa profesa Jacqueline Stewart anayeeleza ilivyo na madhara yake. Hawakuificha, wala hawakuiacha peke yake. Kama inawezekana kwa filamu ya Hollywood, kwa nini isiwezekane kwa maiti za kweli?

Najua mtanijibu. Hebu nichukue majibu matatu ninayoyasikia kila tukizungumza habari hizi chumbani.

La kwanza: filamu ya kibaguzi izikwe, ukiiongezea sauti unaiongezea umri. Hili ndilo jibu la wanafunzi wa Berlin, na mwaka 1966 ningesimama nao. Lakini wakati ule kuzuia mlango wa sinema kulitosha. Leo filamu imo kwenye masanduku na kompyuta za watu dunia nzima, na vipande vya Zanzibar hukatwa na kutumwa kwenye simu kila Januari, mara nyingi na watu wanaotaka kuchochea tu. Kuizika hatuwezi. Tunaloweza ni kutokumwachia yule msimulizi aendelee kusema peke yake.

La pili linatoka kwa wenzangu wa bara, na baadhi ya jamaa zangu wa Unguja: unatonesha kidonda. Mapinduzi kwa watu wengi ni siku ya kukombolewa, nyie wa Oman mnataka kuyageuza kuwa msiba tu. Hili nalichukua kwa uzito, maana mimi mwenyewe nimesoma skuli Unguja, tarehe 12 Januari nimeandamana na bendera, na babu yangu upande wa baba alipata shamba la eka tatu baada ya Mapinduzi. Mimi ni mtoto wa pande zote mbili. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo, na makadirio ya waandishi yanapishana kwa maelfu. Basi hiyo ndiyo sababu ya kurekodi pande zote. Njia za sauti ni nane, si moja. Babu yangu angekuwa hai ningempa ya kwake. Mzee wa Unguja aliyeshangilia asubuhi ile naye arekodiwe, na aliyekuwa mchukuzi bandarini, na Mngazija aliyejikuta katikati. Msimulizi wa Kiitaliano hakumtaka yeyote katika hao.

Na nisije nikamfanya Bibi kuwa malaika. Mara ya kwanza aliniambia minazi fulani inayoonekana ni ya upande wa kwao. Mara ya pili akasema hapana, ni kwingine kabisa. Kumbukumbu nayo inaingia chenga kama mkanda. Ndiyo maana sauti moja haitoshi.

La tatu ni la kihandisi, na ni halali: filamu ina wenyewe, huwezi kubandika sauti yako kwenye mali ya mtu ukaiuza. Sawa. Lakini hakuna anayekuzuia kurekodi sauti peke yake ikakaa kama faili, mtu akaicheza sambamba na diski yake. Tahadhari moja tu kwa watakaojaribu. Sinema inakwenda kwa picha 24 kwa sekunde, na DVD za mfumo wa PAL, tunaoutumia Oman na Afrika Mashariki, zinakwenda kwa 25. Filamu ya saa moja kwenye PAL inakwisha kwa dakika 57 na sekunde 36. Ukirekodi mzee akiangalia diski ya aina moja kisha ukaicheza na ya aina nyingine, maneno na picha vitaachana. Kwa hiyo mwombe mzee ataje anachokiona, "sasa naona ufukwe", "sasa naona watu wanatembea", upate pa kuoanishia. Kumbe Bibi alikuwa akifanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Basi ninachopendekeza kwa jumuiya yetu, likizo hii, ni jambo dogo. Kila mmoja aliye karibu na mzee wa rika lile akae naye na simu. Si lazima iwe Africa Addio. Kwa kweli msianze nayo. Wazee wengine hawataki kuiona, na mtu asilazimishwe kuangalia makaburi. Anzeni na Awara ya Raj Kapoor, ambayo wazee wetu wengi waliiona Unguja na Mombasa miaka ya hamsini. Anzeni na picha za ukutani, na mikanda ya harusi. Ombeni ruhusa, tena muulize waziwazi nani aruhusiwe kusikia na lini. Hifadhini nakala tatu, moja ikae mji mwingine. Msitume kwenye makundi ya simu. Na kama kuna mkanda wa VHS nyumbani, uhamishwe kwenye kompyuta mwaka huu, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe za sumaku hunyonya unyevunyevu na kulainika, na joto la Maskati na unyevu wa pwani ni maadui wake wote wawili.

Haraka ya nini? Tarehe 30 Disemba 2024 alifariki hapa Maskati Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, akiwa na miaka 95. Yule alikuwa mtu mkubwa, habari zake zimeandikwa. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka kumi usiku ule wa Januari leo amepita miaka 70, na hakuna aliyeandika habari zake. Picha zinaweza kusubiri. Ukanda ukiwekwa penye baridi na pakavu unakaa miaka mingi mno. Mzee huwezi kumweka kwenye baridi.

Nimalizie na ule mkanda. Nilipokuwa nauingiza kwenye kompyuta, filamu ilipokwisha palitokea mikwaruzo, kisha ile harusi ya zamani ikaendelea, sehemu ambayo filamu haikufika kuifuta. Mimi nikaikata. Nilikuwa nasafisha filamu, na ile haikuwa filamu, nikaiona takataka. Mwezi uliopita nikaukumbuka mkanda, nikaurudisha kwenye deki, nikaupeleka mpaka mwisho. Ni dakika sita na ushee. Wanawake wamekaa jamvini katika nyumba moja ya Seeb, wanapiga makofi, na mmoja wao anamtania bwana harusi kwa Kiswahili cha Unguja mpaka wote wanacheka. Ni Bibi. Sauti yake ni ile ile, kavu kidogo, haraka haraka, haigugumii hata mara moja.

Nilimpelekea Ijumaa. Safari hii sauti hakuizima. Alisikiliza yote, kisha akaonyesha kidole rimoti, akasema neno moja: "Tena."

Naomba kutoa hoja.